Bonde Tulilolishona kwa Kanga

Kilichonipandisha hasira ni neno moja: "haijulikani." Bwana mmoja kutoka ofisini alikuja kijijini kwetu na kishikwambi mkononi. Akaketi kwenye kiti tulichomtolea uani kwa mama, akaanza kuwauliza wanawake mmoja mmoja ni mwaka gani maji ya chumvi yaliingia kwenye majaruba yao ya mpunga. Kila akijibiwa, kidole chake kinagonga kioo, na mimi niliyejisimamisha nyuma ya bega lake kama polisi naona anachoandika. Haijulikani. Haijulikani. Haijulikani.

Na si kwamba hawakumjibu.

"Bi mkubwa, kwako wewe yaliingia mwaka gani?"

"Mwaka wa kanga ya feni," alisema shoga yake mama, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"Ndiyo mwaka gani huo?"

"Nshakwambia, wa kanga ya feni. Ile nyekundu, feni yake ina mapanga matatu. Weye huijui? Mamako hakuvaa?"

Yule bwana akacheka kwa adabu, akagonga kioo.

Sikuwa na haki ya kuwa pale, nikisema kweli. Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa Wete na kazi yangu iko huko, na siku zile nilikuja huku kusini mwa kisiwa kwa wiki mbili tu kumuuguza mama aliyeteguka mguu. Lakini wanaonijua wanajua kuwa sina subira, na kwamba nikiona jambo linashonwa vibaya mikono yangu inawasha mpaka nilifumue. Yule mtu alikuwa anashona vibaya. Karatasi yake ilitaka tarakimu nne, na wanawake wale walikuwa wanampa kitu bora kuliko tarakimu, naye anakitupa.

Maana kwetu mwaka ni kitu cha makaratasi, kanga ni kitu cha mwilini. Mwanamke wa bonde lile anaweza asikutajie mwaka aliozaliwa mwanawe wa tatu, lakini kanga aliyofungwa nayo kiunoni siku ile ataijua rangi, ataijua pindo, atalijua na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji, ile sehemu ya katikati. Kanga inatoka, inavaliwa na kila mtu, inakwisha madukani, inatoka nyengine. Nani alivaa ipi kwenye arusi ya nani, hilo halipotei. Mabishano mengi niliyoyasikia utotoni yalimalizwa na mtu kwenda ndani na kutoka na kanga mkononi.

Yule bwana hakuwa mtu mbaya, namwombea heri. Alitueleza kwa upole kwamba ofisi yao inataka kujenga tuta la udongo na mawe kuzuia maji ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu yanayopanda kuliko siku zote, yasizidi kulila bonde. Tuta lingekwenda upande wa ufukweni. Haliwezi kuzunguka kila mahali, alisema. Majaruba yaliyo hai na yaliyokufa karibuni yatakuwa ndani ya tuta, yaliyokufa zamani yataachwa nje. Ndiyo maana akahitaji miaka. Akasema neno "mabadiliko ya tabianchi" mara kadhaa, na bibi mmoja akauliza kama hayo ndiyo yanayokula mpunga. Akasema ndiyo. Bibi akasema basi yeye anayajua kwa sura, jina ndilo alikuwa hajaambiwa.

Akamgeukia mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na mguu wake juu ya mto.

"Na wewe, mama?"

"Langu limepumzika," mama alisema.

"Limepumzika tangu lini?"

"Limepumzika tu."

Haijulikani. Akafunga kishikwambi, akasema atarudi na mhandisi kabla ya masika, akaondoka zake.

Hapo ndipo nilipolipuka. Niliropoka maneno mengi ambayo si ya kuandika, na mwisho nikasema, "Basi si tumpe kanga zenyewe azisome!" Nilisema kwa hasira, na kejeli ilikuwamo nusu yake. Lakini shoga yake mama aliinuka pale pale, akajifunga ushungi, akaingia kwake. Akatoka na kanga ya feni. Ilikuwa imechakaa mpaka unaona jua upande wa pili. Akainyoosha mbele yangu na kuniuliza, "Nikate api?"

Niliipokea, na wazo likanijia zima. Halafu moyo ukaanza kwenda mbio, na kwa kweli haukutulia kwa miezi miwili.

Nilimpigia mume wangu Wete nikamwambia wiki mbili zimeongezeka kidogo. Nikaazima cherehani ya mkono kijijini na kununua gora la marikani, kile kitambaa kinene cha pamba kisicho na rangi, tukapewa chumba cha madrasa siku ambazo watoto hawasomi. Mpango ulikuwa rahisi. Tulilitandaza lile marikani sakafuni, tukalichora bonde zima kwa mkaa: ufukwe chini, nyumba juu, kijito kinachotoka mikokoni upande wa kulia, na majaruba yote kama yalivyopakana. Halafu kila mwanamke alete kipande cha kanga ya mwaka ule ambao chumvi iliingia kwake, tukishone juu ya jaruba lake. Jaruba ambalo bado linatoa mpunga libaki marikani tupu, jeupe. Mtu akikitazama kitambaa aone bahari imepita wapi na lini, na kimesalia nini.

Kuchora peke yake kulichukua siku tatu kwa sababu ya ugomvi. "Miye napakana na huyu, huyu anapakana na marehemu." "Hapana, katikati yenu pana kipande cha shangazi." Mwisho walitoka wote, wakashuka bondeni, wakasimama kila mmoja kwenye jaruba lake, nami nikawa juu mlimani na daftari nachora vichwa vyao. Waliniita majina. Mmoja alisema kwa sauti ya bonde zima kwamba fundi wa Wete ameogopa tope. Nilikuwa nimeogopa, ndiyo, nilivaa viatu vipya.

Lakini kutafuta kanga ndiko kulikotia wazimu kijiji! Watu hawatunzi kanga za zamani kama vito. Kanga ikizeeka inakuwa mbeleko, ikizeeka zaidi inakuwa ya kufunikia unga, halafu tambara la kupanguzia, halafu haipo. Wanawake waligeuza masanduku, wakapekua darini. Moja ya simu, ile yenye picha ya simu ya mezani, ilikutwa imefungwa kwenye mti shambani kufukuza kunguru. Nyengine ilikuwa pazia la choo. Bibi mmoja alikumbuka kuwa kanga yake pacha, maana kanga huja mbilimbili, alimgawia binamu yake aliyeko Ole, na nilifunga safari mimi mwenyewe hadi huko kwa baiskeli ya kuazima. Nikamkuta binamu anaanua mihogo, nikamweleza ninachotaka, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa kanga nzima. Alikataa nikate kipande tu. "Yende yote," alisema. "Na hapa kwetu maji yakifika ntakuja niwakumbushe."

Yalikuwapo na mabishano ya nini kilitangulia. Feni ilitoka kabla ya simu au simu kabla ya feni? Siku nzima iliisha kwa hilo. Shoga yake mama alisema feni, mwengine akasema simu, na kila mmoja alileta ushahidi: huyu alizaa akiwa na hii, yule alifiwa akiwa na ile. Aliyewamaliza ni mwanamke mmoja mkimya, aliyekuwa anasafisha vipande kwenye beseni. Alisema yeye alijifungua pacha, akambeba mmoja kwa feni iliyochakaa na mwengine kwa simu mpya kabisa, iliyokuwa bado ngumu, na yule wa simu alikuwa analia siku nzima.  Nikaandika: feni, kisha simu.

Mwanamke mmoja hakuweza kukata. Kanga yake aliletewa na mumewe, na mwaka ule ule mumewe alikwenda baharini asirudi tena. Aliishika kwa muda, akairudisha mkobani. Kesho yake alikuja na pindo tu, amelichana kwa mkono bila mkasi, akasema mji wa kanga ataufunga mwenyewe mpaka uishe. Nikalishona lile pindo kuzunguka jaruba lake, katikati likabaki wazi. Nilitumia uzi wangu mzuri kuliko wote.

Vipande vilipokaa, wazo la uzi mwekundu lilikuja kwangu, na nakiri nililisifu mwenyewe kabla ya mtu mwengine. Mgeni hatajua feni ilitangulia simu. Kwa hiyo tutoe uzi mmoja mwekundu, mnene, tuanze kwenye kanga ya kwanza, twende kwenye ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho, ili ajue kwa kufuata kidole njia ambayo chumvi ilipita. Tulianza kwa furaha. Tulishona wanne wanne, wengine wakiimba na wengine wakisengenya. Na uzi ukakataa.

Sijui niseme vipi. Ukizifuata kanga za zamani kurudi nyuma, uzi haukwenda ufukweni kama sote tulivyotazamia. Ulikwenda kulia, ukapanda, ukafika majaruba mawili yaliyo karibu na kijito, ukasimama hapo kama uliokatwa. Uzi hauna kichwa, maana chumvi haiwezi kuanza katikati ya mashamba bila kupita mahali. Jaruba linalofuata, la pembeni kabisa, lile linalogusa kijito, lilikuwa la mama.

Na mama alikuwa ameleta kisutu.

Msomaji asiyetujua nimwambie. Kisutu ni kanga ya bi arusi, nyekundu na nyeusi na nyeupe, haina jina, na haibadiliki. Kisutu cha bibi yangu na cha binti yangu ukiviweka pamoja huwezi kujua kipi ni cha nani. Katika kanga zote za dunia mama yangu alichagua hiyo, isiyo na mwaka. Nilipokishona siku ya kwanza sikufikiria. Nilidhani amechukua kilichokuwa karibu.

Sasa niligeuka, sindano mkononi, watu wote wamejaa mle ndani, nikasema kwa sauti yangu ile ya dukani, "Mama, kisutu hakina mwaka. Unatuharibia kazi. Kila mtu hapa ameleta yake ya kweli, wewe peke yako unatuficha."

 Hata aliyekuwa anazungusha cherehani aliacha. Mama aliangalia mguu wake. Halafu akachukua fimbo yake, akainuka, akatoka, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu aliwakataza kwa mkono.

"Muache mamako," shoga yake alisema. Hakusema zaidi, lakini nilivyowatazama wote, nilijua kuna jambo wanalijua na mimi silijui. Hicho ndicho kitu ambacho sikipendi kuliko vyote duniani.

Siku mbili mama hakukanyaga madrasa. Tulikula pamoja, nilimkanda mguu, tukazungumza habari za mvua na bei ya samaki. Siku ya tatu, nikiwa nimepiga magoti juu ya kitambaa, niliisikia fimbo yake mlangoni. Aliingia, akakaa kwa taabu, akaitoa kanga kwapani na kuiweka sakafuni mbele yangu.

Niliijua kabla haijafunguka. Buluu, tausi wawili wamegeukiana, na jina lake: SIKU YA FURAHA IMEFIKA. Ilikuwa sare ya arusi yangu. Wanawake wa kijiji kizima waliivaa siku ile.

"Kata," mama alisema.

"Mama..."

"Kata. Maji yaliingia siku tisa kabla hujaolewa. Mpunga ulikuwa ushachanua. Nkashuka asubuhi nkakuta maji yamelala juu yake yanametameta, nkajua basi."

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Aliwaita wenzake siku ile akawaambia asije mtu akamwambia bi arusi, na wakakubali wote. Pilau la arusi yangu, ambalo niliringia kwa miaka kuwa ni la mpunga wa shambani kwetu, lilitoka kwenye majaruba ya wenzake, kila mmoja na pishi yake ya mchele. Na lile pakacha la mchele lililonifikia Wete kila baada ya mavuno, "mchele wa jaruba letu, mwanangu," mama alikuwa anauchuma kwa kuvuna kwa watu na kupewa fungu. Kila nilipokuja, nilikuja kwa Idi au kwa msiba, siku mbili na kurudi. Sikuwahi kushuka bondeni kutazama. Nilikuwa na viatu vizuri siku zote.

Nililia, sina haya ya kusema. Nililia kwa hasira na kwa mapenzi, na hasira nyingi ilikuwa juu yangu mwenyewe. Kisha akili ikanirudia, na ikarudi na hofu.

"Tusiikate," nilimwambia. "Mama, hii ndiyo ya mwanzo kuliko zote. Unajua walisemaje? Yaliyokufa zamani yanaachwa nje ya tuta. Ukiweka hii, jaruba limekwenda. La mama yako lile, na la mama yake. Acha kisutu. Uzi nitauanzisha kwengine, hakuna atakayejua."

Hebu nitazameni! Mimi niliyempigia kelele mbele za watu kwa kutosema kweli, sasa ndiye ninayemwomba adanganye. Mama aliniangalia, nikaona kama anataka kucheka.

"Hawa wote washakata zao," alisema. "Yule kachana ya mumewe. Miye n'na n'ni?"

Akachukua mkasi mkononi mwangu, akakata mwenyewe, tausi mmoja huku na mmoja kule.

Niliufumua uzi, nikauanzisha pale pembeni, kwenye buluu. Ukashuka bila kusita. Ulitoka kijitoni, ukapita kwa mama, ukaingia yale majaruba mawili, feni, simu, ile ya nanasi, ukaenea katikati ya bonde, na ufukweni ulifika mwisho kabisa, kwenye kanga mpya ambazo bado zina harufu ya duka. Tuliinuka sote, tukatazama. Mtu mmoja akapiga kigelegele, kisha wote. Sheha, kiongozi wa kijiji, aliyekuwa anapita nje aliingiza kichwa kuuliza nani anaolewa.

Walirudi kabla ya masika kama walivyosema, yule bwana wa kishikwambi na mhandisi, na mhandisi alikuwa mwanamke. Wanawake walitazamana kwa furaha ya siri. Alikuwa mtu wa Unguja, ulimi wake ulimtambulisha kwenye salamu tu, na mmoja wetu akaninong'oneza kwamba hata hivyo amejifunga ushungi vizuri. Kitambaa tulikitandaza kwenye uwanja wa skuli kwa sababu madrasa ilikuwa ndogo. Pembe zote tuliziwekea mawe, kukawa na upepo, na kila upepo ulipokiinua nilihisi bonde zima linapumua. Nilikuwa nimevaa nguo yangu nzuri na sikuweza kusimama mahali pamoja.

Yule bwana alifungua kishikwambi chake kwa mazoea. Mhandisi akamwekea mkono, akamwambia asubiri. Alivua viatu, akaanza kutembea ukingoni mwa kitambaa, akiinama, akisoma majina ya kanga. Alifika kwenye feni, akasimama.

"Hii ninaijua," alisema. "Dada yangu alijifungua nikiwa kidato cha pili, alilala juu ya hii." Akataja mwaka, pale pale. Akasogea kwenye simu, akataja mwaka. Kwenye nanasi alikosea, na wanawake ishirini walimsahihisha kwa pamoja, akacheka na kukubali. Yule bwana alikuwa anaandika kwa vidole vyote sasa, na mimi nikarudi kusimama nyuma ya bega lake. Tarakimu nne. Tarakimu nne. Tarakimu nne! Nilitaka kumbusu kipara.

Mhandisi akaufuata ule uzi mwekundu kwa kidole cha mguu, polepole, kurudi nyuma, hadi kwenye buluu. Akakaa kitako.

"Hili la nani?"

"Langu," mama alisema.

"Maji yalianzia hapa? Si ufukweni?"

"Hapo."

Akauliza kama tunaweza kushuka. Tulishuka wote, msafara mzima, mama akiwa na fimbo na mimi nikiwa pekupeku safari hii. Jaruba la mama niliwahi kulijua kijani. Sasa lilikuwa jeupe, na udongo ulikuwa unavunjika chini ya mguu kama ukoko wa wali. Mhandisi hakukaa hapo. Alikwenda moja kwa moja kijitoni, na nyuma yake tuliona alichokuwa anakitafuta: visiki vya mikoko, safu kwa safu, vimeoza na kuwa vyeusi.

"Nani aliikata?" aliuliza.

Hakuna aliyetazama pembeni. "Sisi," alisema shoga yake mama. "Boriti za nyumba. Na kuchomea chokaa. Hatukujua kuwa inazuia kitu."

Mhandisi alipima kwa hatua, akamwita mwenzake, wakazungumza kwa muda mrefu wakinyoosha mikono. Kisha akatugeukia. Uso wake ulikuwa na furaha na ulikuwa na jambo jengine pia. Alisema mpango wao wa ufukweni ulikuwa utumie mawe mengi na usizuie chochote, kwa sababu maji yangezidi kuzunguka na kuingia huku nyuma. Tuta fupi, akasema, hapa kwenye mdomo wa kijito, na mikoko ipandwe upya mbele yake, na bonde zima lingekuwa na nafasi ya kupona, hata yale yaliyokufa, mvua zikiosha chumvi miaka michache. Watu wakaanza kushangilia. Akainua mkono.

"Lakini mguu wa tuta lazima ukae mahali pagumu," alisema, "na mahali pagumu ni hapa tuliposimama."

Tulikuwa tumesimama kwenye ukingo wa jaruba la mama, pale linapogusa kijito. Hakusema litaachwa nje. Alisema litafukiwa, lote, kutoka ukingo hadi ukingo, na halitalimwa tena na mtu yeyote.

 Wanawake wale waliobeba pishi za mchele kuja kwenye arusi yangu, hakuna aliyethubutu kumtazama mama usoni. Mhandisi alisema kwa sauti ndogo kwamba mwenye mali ana haki ya kukataa, kwamba wanaweza kufikiri, hakuna haraka. Mimi nilianza kulia tena, kwa sauti, mbele ya wageni.

Mama akanigusa kwa fimbo yake.

"Unalilia n'ni?" alisema. "Ningekuwa sinalo, leo n'ngetoa n'ni?"

Kisha akanipa viatu vyake nimshikie, akaingia katikati ya lile jeupe akichechemea, akawaonesha wapi udongo ni mgumu zaidi wa kuanzia.